Kitenzi cha Kilatini chenye Maana ya Kuchuma

Kijana mmoja mwanafunzi, akaaye Kayenze katika wilaya ya Ilemela, ametuletea swali kwa barua. Asema kwamba katika mwalo wa huko, mahali mitumbwi ipandishwapo mchangani na dagaa washushwapo asubuhi, aliuona mtumbwi mmoja ulioandikwa ubavuni maneno mawili yasiyo ya Kiswahili, wala ya Kisukuma, wala ya Kiingereza. Neno la kwanza ni *carpe*. La pili, alipouliza, aliambiwa kuwa lina maana ya siku. Kaka yake akamfasiria yote mawili kuwa ni "kamata siku". Kijana hakuridhika, kwa kuwa yeye ajua kukamata mwizi na kukamata kuku, lakini siku hajaona ikikamatwa. Basi ataka tuwe waamuzi kati yake na kaka yake.

Twaamua hivi: kijana ameshinda, wala kaka hana aibu, maana kosa lake ni kosa la wengi, hata wa Ulaya. *Carpe* (herufi ya kwanza hutamkwa kama k yetu) si "kamata". Ni "chuma". Ni neno lile lile amwambialo bibi mjukuu wake anapomtuma bustanini: "Nenda, mwanangu, ukachume mboga." Na kwa kuwa kitenzi hiki kimesafiri mbali sana, hata kimeingia katika nyumba za watu wa Mwanza bila kubisha hodi, tumeona tukieleze kwa urefu kidogo.

Kilatini ni lugha ya Warumi wa kale, watu wa mji wa Roma katika nchi ya Italia, waliotawala nchi zote zizungukazo bahari ya Mediterania, na pwani ya kaskazini ya Afrika pia. Leo hakuna watoto wanaonyonya lugha hiyo kwa mama zao. Lakini haikuzikwa. Katika makanisa ya Kikatoliki ya ziwa letu Misa ilisomwa kwa Kilatini mpaka miaka ya 1960, na wazee waliokuwa wakiitikia wakingali wako. Wataalamu wa mimea na wanyama nao huyapa majina yao sura ya Kilatini, ili mtu wa Mwanza na mtu wa China wakitaja mti mmoja wasikosane.

Wenye kupenda sarufi na watazame jambo hili. Mrumi akisema *carpo*, maana yake ni "ninachuma", *carpis*, "unachuma", *carpit*, "anachuma", *carpimus*, "tunachuma", *carpitis*, "mnachuma", *carpunt*, "wanachuma". Mwaona kwamba neno moja tu latosha, kama kwetu. Mwingereza hana budi kutaja mtendaji kwa neno la peke yake, lakini Mrumi na Mswahili humfunga mtendaji ndani ya kitenzi. Tofauti ni kwamba sisi twamfunga mbele na yeye alimfunga nyuma. Akiamrisha mtu mmoja alisema *carpe*, na akiamrisha wengi alisema *carpite*, kama sisi tusemavyo "chuma" na "chumeni". Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili akifundishwa Kilatini asiogope miisho mingi ya vitenzi. Mzigo huo ameuchukua tangu utotoni bila kujua kuwa ni mzigo.

Sasa maana yenyewe. Mwanzo wake ni vidole. Tazameni mama wa Sangabuye au Bugogwa akichuma majani ya kunde. Hang'oi mche. Hakati kwa kisu. Hushika jani changa kwa ncha za vidole, akalivunja penye kikonyo, akaacha kichipukizi kiendelee, kisha akaenda kwenye jani la pili. Baada ya siku chache hurudi pale pale akachuma tena. Na yaliyozidi ya mlo huyakausha yakawa nsansa ya kiangazi. Mambo matatu ndiyo yafanyayo kazi hii iwe kuchuma: huchukuliwa kidogo kidogo, huchukuliwa kilichofika wakati wake, na mmea huachwa uhai. *Carpere* ya Warumi ilikuwa hivyo hivyo, kwa maua, kwa matofaa na kwa zabibu.

Kiswahili kina uchaguzi mkali katika mambo haya, kupita lugha nyingi. Mtama na mpunga twavuna. Mihogo na viazi twang'oa au twachimba. Nazi na maembe ya juu twaangua. Hindi twalikonyoa, na ndizi twaukata mkungu. Kuku twamnyonyoa manyoya. Lakini mboga, maua, chai, kahawa, karafuu na pamba, hivyo vyote twachuma. Mgeni akisema "nimechuma mihogo" watoto watamcheka, wala hawataweza kumweleza sababu. Mrumi hakuwa na milango mingi namna hiyo. Akakitumia kitenzi chake kimoja hata mahali ambapo sisi hatuthubutu. Ng'ombe wake walipokula majani malishoni, alisema kuwa wanayachuma. Nyama ilipokatwa vipande mezani, nalo lilikuwa tendo hilo hilo. Mwandishi Petronius, aliyeishi zama za Kaisari Nero, alitunga kisa cha tajiri mmoja mpenda majivuno, aliyekuwa na mtumwa wa kukata nyama, jina lake Carpus. Katika Kilatini ukimwita Carpus husema *Carpe*. Basi kila tajiri alipofungua kinywa, jina na amri vilitoka pamoja, na wageni wakatakiwa wacheke kila mara. Tajiri wa namna hiyo hakufia Roma.

Lakini twataka kukaa kidogo penye sufu. Warumi hawakuwa na pamba nyingi. Mavazi yao yalikuwa ya manyoya ya kondoo. Manyoya hayo yalipaswa kuvutwa kwa vidole, kutenganishwa na takataka, kisha kuvutwa tena yawe uzi. Kazi hiyo yote waliiita kwa kitenzi cha kuchuma. Sisi kazi hiyo twaiita kuchambua: kuchambua pamba, yaani kutenga nyuzi na mbegu na majani makavu, kuchambua maharagwe, kuchambua mchele. Katika nyumba za Warumi wenye mali, kazi hiyo walipewa wajakazi. Kila asubuhi bibi wa nyumba, au msimamizi wake, alimpimia kila mmoja fungu lake la sufu kwa mizani, na fungu hilo liliitwa *pensum*, yaani kilichopimwa. Jioni lilitakiwa liwe uzi. Kutoka asili hiyo hiyo ya kupima ndipo palipotoka neno la malipo ya uzeeni, pensheni, maana zamani fedha pia ilipimwa kwa uzito kabla haijahesabiwa. Mjakazi basi alichuma fungu lililopimwa na mwingine, na nguo ikavaliwa na mwingine.

Mkulima wa pamba wa mkoa wa Mwanza akisikia habari za mizani atainua kichwa. Pamba ililetwa katika nchi ya Wasukuma wakati wa utawala wa Wajerumani, ikaenea sana chini ya Waingereza. Siku hizi mashamba makubwa yako Magu, Kwimba, Misungwi na huko mkoa wa Simiyu, na Ilemela yajulikana zaidi kwa samaki na kwa nyumba za mji. Lakini ukoo ambao haukuwahi kufunga robota la pamba ni wa kutafutwa. Sasa kumbukeni kwamba katika Kiswahili kuchuma si kazi ya vidole tu. Ni kupata faida pia. Mtu huchuma mali. Faida yake ni chumo. Na kutoka hapo tumeunda neno uchumi, ambalo leo laenea kutoka mfuko wa mama muuza nyanya mpaka hazina ya Serikali. Kwa hiyo katika msimu wa pamba palikuwa na wachumaji wawili wenye jina moja: aliyechuma kwa vidole juani, na aliyechuma kwa mizani kivulini. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 wakulima walilalamika sana kwamba mizani za wanunuzi zawapunja, wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia upimaji, kisha wakaunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganika katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, nalo likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika. Mtu aweza kuyaeleza mambo haya kwa siasa na hesabu. Sisi twaona kwamba yaweza kuelezwa pia kwa sarufi: waliochuma pamba walitaka wao ndio wachume.

Turudi kwa Warumi. Kutoka kuchambua sufu, kitenzi chao kilipita kwenye kuchambua watu. Kumvutavuta mtu kwa maneno, leo sifa hii, kesho ile, mpaka abaki kama kondoo aliyenyolewa, huko pia kulikuwa *carpere*. Hapa twashangaa, kwa kuwa Kiswahili kimefuata njia hiyo hiyo bila kuongozwa na mtu. Twachambua pamba, twachambua shairi, na tukikaa barazani jioni twamchambua jirani. Katika vita neno lilikuwa na kazi ya namna hiyo. Kaisari Julius, katika kuandika habari za vita vyake, hulitumia kwa wapanda farasi waliolinyemelea jeshi lenye kuondoka, wakawaua walio nyuma, mmoja hapa na wawili pale. Sisi tungesema wanalidonoa.

Safari nayo ilichumwa. Mshairi Virgilius, aliyezaliwa mwaka 70 na kufa mwaka 19 kabla ya Kristo, huwaambia watu wachume njia, yaani washike mwendo. Kila hatua ni kama jani lililotoka mkononi likaingia kikapuni. Sisi husema kukata njia, nasi twatumia panga pale Mrumi alipotumia vidole. Na katika utenzi wake mkubwa Virgilius ana jambo la kusikitisha zaidi. Malkia Dido wa Karthago, mji uliokuwa katika pwani ya Tunisia ya leo, alimpenda mgeni aliyefika kwa majahazi. Mshairi hasemi kwamba mapenzi yalimwua mara moja. Asema kwamba yalikuwa moto usioonekana, nao ulimchuma. Kidogo kidogo, kama mkono unaorudi kwenye mche ule ule kila siku, isipokuwa mkono huu haukuacha kichipukizi.

Tulisema kwamba kitenzi hiki kimeingia nyumbani bila kubisha hodi. Kiko miguuni penu. Kapeti, tulilolipokea kwa Waingereza, lilitoka kwa Wafaransa na Waitalia, na asili yake ni *carpere*, kwa sababu kapeti la kwanza lilikuwa kitambaa kizito cha sufu iliyovutwavutwa. Na kama kapeti halipo, tazameni mlango. Fundi akiusifu mlango wake husema ni wa mninga, na mninga, kwa jina la wataalamu, ni *Pterocarpus angolensis*. Sehemu ya pili ya neno lile la kwanza ni *karpos*, neno la Kiyunani lenye maana ya tunda, nalo ni ndugu wa *carpo* wa Kilatini, kama Kisukuma na Kiswahili walivyo ndugu kwa maneno mengi. Sehemu ya kwanza ni bawa. Tunda lenye bawa: aliyeokota tunda la mninga porini, lile la duara lenye miiba katikati na utando pande zote, hatahitaji kuelezwa. Fenesi pia lina ndugu huyo katika jina lake, *Artocarpus*, yaani tunda la mkate. Hata neno la Kiingereza la mavuno, *harvest*, ni mjukuu wa ukoo huu, ingawa limebadilika uso.

Sasa tufike kwenye mtumbwi wa Kayenze. Yale maneno mawili yametoka kwa mshairi wa Roma aitwaye Horatius, aliyezaliwa mwaka 65 kabla ya Kristo na kufa mwaka 8 kabla ya Kristo. Yamo katika mashairi aliyoyatoa mwaka 23 kabla ya Kristo. Shairi ni fupi sana. Asema na mwanamke aitwaye Leuconoe, aliyetaka kujua atakufa lini, akawaendea wapiga hesabu za nyota wa Babeli, ambao kwetu tungewaita wapiga ramli. Nje ni majira ya baridi, na bahari yajivunja juu ya majabali. Msomaji wa Mwanza aweza kuiona picha hiyo bila kwenda Italia, maana majabali tunayo, na ziwa likichafuka hupiga vivyo hivyo. Horatius amwambia Leuconoe aache ramli, achuje mvinyo, apunguze tumaini lirefukalo kama mzabibu usiopogolewa, na siku ya leo aichume, asiiamini sana ya kesho.

Kwa hiyo mwaona ni kwa nini "kamata" haifai. Akamataye hufanya nguvu, na akamatwaye hutaka kukimbia. Siku ya Horatius haikimbii; imeiva, imening'inia, na hatari yake ni kuoza. Picha yote ni ya shamba la mizabibu.

Hapo wazee wa Kiswahili watainuka na neno lao, nalo ni zito: mchumia juani hulia kivulini. Kitenzi ni kile kile, lakini shauri ni kinyume. Horatius asema uchume leo na ule leo. Methali yasema uchume leo katika jua kali, na kula kutakuja baadaye. Nani ana haki? Walimu hupenda methali, na vijana, tumeona, hupenda Horatius. Sisi twadhani kwamba hao wawili wangeweza kusikilizana shambani, penye pamba. Tumba za pamba hazipasuki siku moja. Za chini hutangulia, za juu hufuata, kwa hiyo mchumaji hupita shamba lile lile mara nyingi. Akichuma tumba halijafunguka vema, nyuzi ni mbichi. Akichuma na umande, pamba huvunda ghalani. Akichelewa, mvua na vumbi huipiga, wadudu wekundu wafyonzao mbegu huitia madoa, nayo si safi tena ila fifi, na bei ya fifi yajulikana. Karafuu za Unguja na Pemba zina sheria nyingine: huchumwa zikiwa vitumba vilivyojaa kabla ya ua kufunguka, na likifunguka thamani imepungua. Mmoja hungoja kufunguka, mwingine hukimbilia kabla; lakini kila mmoja ana siku yake, na siku hiyo hailipwi na ile ifuatayo. Horatius alikuwa na shamba lake vilimani mwa Wasabini, akayajua haya. Waliotunga methali waliyajua pia. Tofauti yao ni juu ya kivuli tu: yeye aliogopa kwamba huenda mtu asikifikie.

Kiswahili kina onyo jingine kwa kitenzi hiki, ambalo Kilatini hakina: mchuma janga hula na wa kwao. Mabaya nayo huiva, nayo huchumwa kwa vidole vile vile, na kikapu chake hupelekwa nyumbani. Twalitaja ili mwanafunzi asidhani kwamba kuchuma ni sifa siku zote.

Na mwenye mtumbwi je, alikusudia nini? Hatumjui, wala kijana hakumwuliza. Lakini twakumbuka kwamba wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa hazina kazi, na mitumbwi hulala mchangani. Kwa hiyo siku za mvuvi huyo zimehesabiwa kila mwezi, nazo ni usiku. Zikipita ameshika nyavu akizitengeneza, hakuna wa kumrudishia. Kama mtu huyo alijua maana ya alichokiandika, basi alichagua vema kuliko wengi wanaoyavaa maneno hayo kifuani.

Kijana wetu ameuliza mwishoni kama mwenye mtumbwi aweza kuyaandika kwa Kiswahili. Aweza. Na aandike *Chuma siku*, ila aangalie rangi imtoshe kwa maneno yote mawili. Akiishiwa baada ya lile la kwanza, watu wa mwaloni watauliza ni kwa nini mtumbwi wa mbao umeandikwa kuwa ni wa chuma.